Aliyepona na Aseme



Mwinjili Marko, katika sura ya 5, atusimulia habari za mtu wa nchi ya Wagerasi aliyekaa makaburini. Wenzake walimfunga kwa pingu na minyororo, naye akaikata. Usiku na mchana alipiga kelele na kujikatakata kwa mawe. Habari ya pepo na nguruwe sote twaikumbuka. Lakini mwishoni mwake yako mambo mawili ambayo mara nyingi twayapita bila kusimama. La kwanza: watu wa mji walipofika, walimkuta ameketi, amevaa nguo, ana akili zake timamu. Marko hasemi kwamba walifurahi. Asema waliogopa. La pili: yule mtu alipoomba afuatane na Bwana wetu, Bwana hakumruhusu. Alimwagiza arudi nyumbani kwa watu wake, akawasimulie mema aliyotendewa.

Hatusemi kwamba kila mwenye maradhi ya akili ana pepo. La hasha! Maneno hayo yamewaumiza wengi, nasi hatutaki kuyaongezea nguvu. Twaileta habari hii kwa sababu ya mwisho wake. Aliyepona alipewa utume, na utume wenyewe ulikuwa kusema. Na mahali alipotumwa palikuwa kwao, kwa watu wale wale waliomfunga na waliomwogopa. Juma hili twataka kunena juu ya ugonjwa mmoja ulio kati yetu katika milima hii ya Usambara, ambao waliopona hawausemi, na wasiougua hawataki kuusikia. Nao ni sonona.

Neno hili si geni. Kabla madaktari hawajalichukua, wazee wetu walisema mtu anasononeka, yaani anaumia ndani pasipo jeraha la kuonekana. Lakini tusichanganye huzuni na sonona. Huzuni ya kufiwa, ya mavuno kuharibika, ya kijana kufeli mtihani, ni jambo la kila mwanadamu, nayo hupungua kadiri siku zinavyopita. Sonona hukaa. Majuma mawili yapita, mwezi wapita, na moyo haunyanyuki. Mtu haoni tena ladha ya yale aliyoyapenda. Usingizi wapotea, au wazidi kupita kiasi. Chakula hakishuki. Mwili unakuwa mzito kana kwamba amebeba mzigo wa kuni tangu alfajiri. Hawezi kuitunza fikira moja hadi mwisho wake. Hujihesabu mkosaji kwa mambo ambayo si kosa lake. Na wengine hufika mahali pa kutamani kufa.

Tuchukue mfano. Tuseme yuko mama mmoja, uwe Mlalo, uwe Soni, uwe kijiji chochote cha milima hii. Amejifungua mtoto wa nne miezi mitatu iliyopita. Zamani alikuwa wa kwanza kufika shambani na wa mwisho kunyamaza katika nyimbo za kanisani. Sasa hachani nywele, mtoto akilia hasikii, na jirani akibisha hodi hujifanya hayupo. Mama mkwe asema ni uvivu. Mume asema ni jeuri. Jirani asema amerogwa. Katekista asema hasali vya kutosha. Watu wanne wametoa hukumu nne, na hakuna hata mmoja aliyemwuliza, “Mama, waumwa na nini?” Tena kama angeulizwa, huenda angejibu kwamba kichwa chamwuma na moyo wamwenda mbio, kwa maana ndivyo sonona inavyojitokeza mara nyingi: huvaa nguo za maradhi ya mwili. Huzunguka zahanati akipewa dawa za malaria na za tumbo, na ugonjwa wenyewe wabaki palepale.

Mama huyu hayuko peke yake. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu wapatao milioni 280 walikuwa na sonona, wanawake wengi kuliko wanaume. Na katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, zaidi ya robo tatu ya wagonjwa hawapati tiba yoyote. Kwa hiyo tunapomwona mmoja aliyejitokeza, tujue wako wengi walio nyuma ya milango.

Wako Wakristu wema wanaosema kwamba mtu wa sala hawezi kuupata ugonjwa huu. Hao na wasome tena Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Nabii Eliya, aliyeuita moto ushuke mlimani Karmeli, siku chache baadaye alikaa chini ya mti jangwani akamwomba Mungu amtwae roho, maana amechoka. Je, Mungu alimjibuje? Hakumkemea. Hakumwambia ajikaze kiume. Hakumkumbusha miujiza yake ya jana. Alimwacha alale. Kisha akamtuma malaika amguse, ampe mkate na maji. Akala, akalala tena, akaguswa mara ya pili, akala. Baada ya hayo ndipo safari, na baada ya safari ndipo mazungumzo, nayo yalianza kwa swali: Wafanya nini hapa, Eliya? Usingizi, chakula, mkono wa kugusa, na sikio la kusikiliza: daktari mwema leo angeanzia papo hapo. Na Bwana wetu mwenyewe, usiku ule wa Getsemani, hakuona haya kuwaambia rafiki zake kwamba roho yake ina huzuni kiasi cha kufa, akawaomba wakeshe pamoja naye. Kama Mwana wa Mungu aliomba wenzi, sisi ni nani hata tumlaumu anayeomba?

Basi sala isitumiwe kama fimbo ya kumpigia mgonjwa. Sala ni mkate wake, nayo haikatazi dawa. Sonona hutibika. Iko tiba ya mazungumzo, ambayo mgonjwa husaidiwa kuyapanga upya mawazo yake na mahusiano yake na watu. Ziko na dawa, kwa wale ambao ugonjwa umewalemea. Dawa hizo haziponyi kwa siku moja. Huchukua majuma kadhaa kabla mgonjwa hajaona nafuu. Hapo ndipo wengi huziacha wakisema hazifai. Wengine huziacha mara wapatapo nafuu, na ugonjwa hurudi. Kwa kawaida mgonjwa huendelea nazo miezi 9 hata 12 baada ya dalili kwisha, na huziacha polepole kwa shauri la mganga wa hospitali. Anayemwambia mgonjwa atupe dawa zake ili aonyeshe imani, anamjaribu Mungu kwa kutumia uhai wa mtu mwingine.

Sasa yatupasa kusema juu ya jambo lililo gumu zaidi, yaani mtu kujitoa uhai. Zamani Kanisa lilikuwa na sheria kali. Kanuni ya 1240 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 iliwanyima maziko ya Kikanisa wale waliojiua kwa kusudi. Sheria mpya ya mwaka 1983 haikulirudia katazo hilo. Na Katekisimu ya mwaka 1992, ikishika kwamba uhai ni wa Mungu na si wetu kuutupa, yafundisha kwamba maradhi mazito ya akili na hofu kuu huweza kupunguza lawama ya mtu, tena kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wake, kwa maana Mungu anazo njia anazozijua mwenyewe. Kwa hiyo jamaa akiletewa msiba wa namna hii, na watu wakakataa kuchimba kaburi, au wakampita mjane njiani bila salamu, wasijifiche nyuma ya Kanisa. Kanisa linamwombea marehemu, na lawataka wao wamfariji mjane.

Tena sheria ya nchi nayo imekuwa mzigo. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kilichorithiwa tangu zama za Waingereza, kimelihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Huko Kenya, mwezi Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha kule kinachofanana na hicho chapingana na Katiba. Sisi si wanasheria. Lakini twauliza swali la mchungaji: mtu aliyeokolewa jana katika kitanzi, akijua kwamba akisema kweli ataitwa mkosaji, je, atasema? Na asiposema, atatibiwaje? Waswahili walinena zamani kwamba mficha maradhi kifo humfichua. Basi tusiwe sisi tunaomlazimisha mgonjwa kuficha.

Wako watakaosema kwamba mambo haya ni ya miji mikubwa na ya Wazungu, hayatuhusu sisi watu wa milimani. Hao wameisahau historia ya milima yao wenyewe. Kule Lutindi, katika wilaya ya Korogwe, kusini mwa Usambara Magharibi, Wamisionari wa Kiinjili kutoka Ujerumani walijenga mwaka 1896 nyumba ya kuwatunza watoto waliokombolewa utumwani. Mwaka 1904 nyumba hiyo ikawa hospitali ya wagonjwa wa akili, ya kwanza katika nchi yetu, miaka zaidi ya ishirini kabla ya hospitali ya Mirembe kuanzishwa Dodoma mwaka 1927. Hata leo Lutindi ingali ikiwapokea wagonjwa, chini ya ndugu zetu Walutheri wa Dayosisi ya Kaskazini Mashariki. Huko mgonjwa hupewa dawa, na pamoja na dawa hupewa kazi: shamba, chai, na kazi za mikono. Maana mtu akishika jembe tena na kuona mche alioupanda umeota, huanza kuamini kwamba yeye naye angali ana faida duniani.

Tena karibu na mji wa Lushoto, pale Magamba, ndugu hao hao walianzisha mwaka 2007 chuo kikuu chenye jina la marehemu Askofu Sebastian Kolowa, na katika mafunzo waliyoyaweka ilikuwamo shahada ya afya ya akili na urekebishaji. Basi milima hii ilipata hospitali ya maradhi ya akili tangu enzi za Wajerumani, na elimu ya maradhi hayo katika karne hii. Kitu kimoja bado chakosekana, nacho hakinunuliwi kwa fedha. Nacho ni kinywa cha aliyepona, na sikio la waliomo nyumbani.

Maana hebu tutazame yampatayo mtu atokapo hospitali. Amekwenda akiwa hoi, amerudi akiwa na nafuu. Je, watu humkaribisha kama aliyerudi kutoka hospitali baada ya kuvunjika mguu? Aliyevunjika mguu huletewa uji, na watoto huja kumtazama. Huyu hunong'onwa. Akicheka, wasema imeanza tena. Akikasirika kama mtu yeyote, wasema imeanza tena. Akitaka kuoa, ukoo wa mke wauliza kwa siri. Ndio woga ule ule wa Wagerasi: walizoea kumwona makaburini, hawakuwa tayari kumwona ameketi mezani. Na mgonjwa mwingine anayetazama pembeni, ambaye bado hajamwambia mtu, hujifunza somo moja tu: nyamaza.

Kwa ajili hiyo Bwana wetu alimtuma yule mtu kwao. Daktari aweza kusema sonona hutibika, na watu wakamsikiliza kwa adabu. Lakini jirani akisema, “Mimi niliugua, nikatibiwa, nikapona, na kabichi zile mnazoziona ni za mkono wangu,” hayo ni maneno ya namna nyingine. Kanisa lilimwona mtu wa jinsi hiyo katika Mtakatifu Yohane wa Mungu. Mreno huyu, aliyekuwa mchungaji wa kondoo, askari, kisha mwuza vitabu mjini Granada, Hispania, alipatwa na mfadhaiko mkubwa hata watu wakamwita mwehu. Wakamfungia katika Hospitali ya Kifalme, na kwa desturi ya siku zile wakamtibu kwa mijeledi. Alipotoka, hakuificha habari hiyo wala hakulipa kisasi. Alianzisha nyumba yake mwenyewe ya wagonjwa, akawatunza kwa upole aliokuwa amenyimwa. Alifariki tarehe 8 Machi 1550, nalo shirika lililotokana naye lahudumia wagonjwa, na wa akili miongoni mwao, hata leo. Alijua mahali panapouma, kwa kuwa alipata kulala pale.

Hatusemi kwamba kila aliyepona asimamishwe mbele ya waamini Jumapili. Ushuhuda haulazimishwi. Ambaye jeraha lake bado bichi na aachwe apone kwanza. Na yule anayeona heri kumwambia mtu mmoja tu, na amwambie huyo mmoja. Tena aliyepona asijifanye daktari: kazi yake ni kumshika mwenziwe mkono na kumfikisha panapo tiba, na kumwambia njiani kwamba yeye alipita hapo akatoka.

Wala tusidhani kwamba elimu hii ni ya wasomi peke yao. Jirani zetu wa Uganda wametupa mfano ulioandikwa. Katika vijiji vya kusini magharibi mwa nchi hiyo, watafiti walitangaza mwaka 2003 matokeo ya jaribio lao. Watu wa huko huko, ambao hawakuwa madaktari, walifundishwa kwa majuma mawili namna ya kuongoza vikundi vya wenye sonona. Wanawake walikaa na wanawake, wanaume na wanaume, mara moja kwa juma, kwa majuma 16, wakizungumza juu ya misiba yao, magomvi ya nyumbani, na mabadiliko ya maisha yaliyowaelemea. Mwishoni, katika vikundi hivyo waliobaki na sonona kubwa walikuwa watu 6 au 7 katika kila 100. Katika vijiji ambavyo havikupata vikundi, walikuwa zaidi ya 54 katika kila 100. Hapakuwa na jengo jipya wala mashine. Palikuwa na watu waliofundishwa, mahali pa kukaa, na siku maalumu.

Je, sisi hatuna vitu hivyo? Tunazo jumuiya ndogo ndogo zinazokutana kila juma. Tunao Wawata, na chama cha wanaume, na vijana wa kwaya. Tunao walimu na masista wauguzi. Basi tunashauri mambo manne, na paroko yeyote wa milima hii aweza kuyaanza bila kungoja barua.

La kwanza, kila jumuiya imwalike mara moja kwa mwaka mganga au mwuguzi anayejua maradhi ya akili, awafundishe watu dalili za sonona na mahali pa kwenda. Tarehe 10 Oktoba, Siku ya Afya ya Akili Duniani, yafaa sana.

La pili, tubadili ndimi zetu. Badala ya “jikaze,” tuseme “nipo.” Badala ya kutoa hukumu, tuulize swali, kisha tunyamaze mpaka jibu lije. Wanaume hasa na waangaliwe. Maana wamefundishwa tangu utoto kwamba machozi ni ya kike, na huzuni yao huenda kilabuni kunywa.

La tatu, mtu akisema anatamani kufa, tusicheke wala tusimkaripie, wala tusidhani kwamba asemaye hatendi. Tumwulize waziwazi, kumwuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Tusimwache peke yake. Tumpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Na kwa kuwa sisi ni wakulima wa mboga, na katika nyumba nyingi dawa za kuulia wadudu zimewekwa chini ya kitanda au juu ya dari, tuzifungie kwa kufuli, ufunguo ukae kwa mtu mwingine. Jambo dogo hilo laweza kumwokoa mtu, kwa sababu saa mbaya ya mtu mara nyingi ni fupi, na ikipita hali sumu haikupatikana, mtu huishi.

La nne, aliyerudi kutoka hospitali arudishiwe nafasi yake: kitini pake katika jumuiya, sauti yake kwayani, zamu yake ya kusoma somo. Baba Mtakatifu Yohane Paulo II, akisema na waliokutana Vatikano mwezi Novemba 2003 kwa ajili ya ugonjwa huu huu, alikaza kwamba wagonjwa wasaidiwe kujiona tena wenye thamani na kuitazama kesho kwa hamu. Thamani hairudishwi kwa hotuba. Hurudishwa kwa kupewa kazi na kuaminiwa.

Wazee wa Kisambaa wasimulia kwamba Mbegha, babu wa Wakilindi, alizaliwa kigego, na kwa ajili ya meno yake ya juu kutangulia kuota alihesabiwa mkosi, akanyimwa urithi wake, akaondoka kwao Ngulu akawa mwindaji wa porini. Watu wa milima hii walimpokea, wakala nyama yake, wakampa enzi huko Vuga. Kama baba zetu wangalimhukumu kwa yale yaliyosemwa juu yake kwao, wangaliikosa baraka iliyokuja kwa mkono wa mtu aliyefukuzwa. Tena wazee hao walikuwa na neno, *kuzifya shi*, yaani kuiponya nchi. Walilitumia kwa habari za mvua, na mavuno, na amani ya watawala, wakijua kwamba nchi huumwa kama mtu aumwavyo.

Sisi twaongeza hivi: nchi haijapona maadamu mmoja wetu amekaa gizani nyuma ya mlango uliofungwa, akidhani ni yeye peke yake. Wewe uliyepona, ndugu yangu, dada yangu, wewe wajua njia ya kuufikia mlango huo kuliko padre na kuliko daktari. Nenda ukabishe hodi. Nasi tulio nyumbani, tunapokusikia unasema, Mungu atujalie tusiogope. Amina.